Nani Mwenye Ruhusa ya Kupuliza? Tarumbeta za Jangwani na Siasa ya Kelele

Katika upwa wetu, pembe haikuwahi kupulizwa na kila aliyekuwa na pumzi. Siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe ya ndovu, na siwa ya Lamu, iliyosubiwa kwa shaba, ambazo leo zimehifadhiwa katika makumbusho nchini Kenya, zilikuwa mali ya dola na alama ya dola. Zililia katika sherehe za watawala, na mwungwana aliyetaka zilie katika arusi ya mwanawe ilimpasa kwanza kwenda kwa wenye mji kuziomba. Asiye na nasaba hakupewa. Aliyeisikia sauti ile akiwa mbali, hata kama hakuona kitu, alijua kwamba wenye mji wako kazini.

Naanza mbali hivi kwa makusudi. Mjadala wa kelele za baa katika Dar es Salaam, uliopamba moto hasa tangu Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lilipozifungia baa na kumbi kadhaa mwaka 2023, unaendeshwa kana kwamba ni suala la vipimo vya sauti peke yake. Vipimo vina mahali pake. Lakini swali la nani aruhusiwe kupuliza, saa ngapi, mbele ya nani na kwa faida ya nani, limeulizwa katika mji huu kwa zaidi ya miaka mia moja, na kila utawala umelijibu kwa namna iliyofichua hofu zake wenyewe. Jangwani na Kariakoo ni mahali pazuri pa kulifuatilia swali hilo, kwa kuwa tarumbeta imepita hapo mara nyingi, kila mara mkononi mwa mtu mwingine.

Ala za shaba za Kizungu ziliingia kwetu kwa milango miwili, kambi na kanisa. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa na bendi katika makazi ya watumwa walioachwa huru ya Freretown, Mombasa, yaliyoanzishwa mwaka 1875. Wajerumani, kwa upande wao, walikuwa na bendi ya askari hapa Dar es Salaam, na wapulizaji wake walikuwa Waafrika. Katika milango yote miwili kusudi lilikuwa moja: kumfundisha mtu kusimama mstari mmoja na wenzake, kuinua mguu pamoja nao, na kunyamaza anapoamriwa kunyamaza. Tarumbeta ilikuwa chombo cha amri.

Kilichofuata hakikuwamo katika mpango wa mtu yeyote. Tangu miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa walianza kucheza ngoma waliyoiita beni, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi. Walivaa sare, wakapiga gwaride, wakagawiana vyeo vya kijeshi na vya kifalme, wakashindana mtaa kwa mtaa. Katika Tanganyika vyama viwili ndivyo vilivyotia fora: Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyewahi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwaandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1975, na hadi leo ndicho kitabu ninachowapa wanafunzi wangu wanaoamini kwamba historia ya siasa yetu inaanza na hotuba. Ranger alionyesha kwamba Marini walijiona watu wa daraja la juu, makarani na watu wa pwani waliosoma, na Arinoti wakawa na sura ya watu wa kawaida zaidi. Kila chama kilikuwa na mfalme wake na maofisa wake. Kilikuwa pia na mambo ambayo mtazamaji wa barabarani hakuyaona: michango, maziko ya mwanachama, malezi ya mgeni. Karani aliyehamishiwa mji asioujua alifika na kukuta tawi la chama chake, na humo alipata godoro, chakula na watu wa kumsindikiza sokoni.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliieneza beni kuliko mwalimu yeyote ambaye angeweza kuifundisha. Askari na wapagazi walikwenda nayo kila walikopelekwa. Ndipo Kariakoo inapoingia katika kisa hiki, na inaingia kwa huzuni. Jina lenyewe ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiweka hapo baada ya kuutwaa mji mwaka 1916, katika eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelijengea jengo la soko. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa katika vita vile, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Kila mara tunapotaja Kariakoo tunawataja, ingawa hatukusudii. Nami nikiwaza juu ya waliorudi, wakavaa sare za kuigiza na kujiita majemadari katika mitaa iliyozunguka kambi ile, sioni kichekesho ambacho maofisa wa Kiingereza walidai kukiona. Mtu aliyebeba mzigo wa mwingine kwa miaka, bila cheo na bila jina, alikuwa na sababu njema ya kujipa cheo.

Maofisa walicheka, lakini hawakucheka kwa muda mrefu. Baada ya vita idara za usalama zilianza kuulizana: mtandao huu wenye matawi katika kila mji, wenye viongozi na barua, unaongozwa na nani? Wapo walionusa njama ya Kiislamu, wapo walionusa Ubolsheviki. Mwaka 1935, wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, walipogoma, tume ya uchunguzi ilitaka kujua chama cha ngoma kilichoitwa Mbeni kilihusikaje. Ni beni ile ile, imepanda milima na kuvuka mipaka pamoja na wafanyakazi. Kando ya Ziwa Nyasa ilizaa mganda na malipenga, ambamo watu wasio na fedha za kununua shaba walichonga vibuyu, wakaviwekea utando mwembamba, wakavifanya vilie kama tarumbeta. Hapo serikali ingefanya nini? Ukiifungia shaba kwa leseni, watu watapuliza vibuyu.

Hapa Dar es Salaam tarumbeta ilibadilika tena, safari hii kwa kuingia ukumbini. Mwaka 1932 iliundwa Dar es Salaam Jazz Band. Neno jazz lisitupotoshe, kwani kwetu lilikuwa na maana ya bendi ya kisasa, basi. Zikafuata Morogoro Jazz na Tabora Jazz mwaka 1944, na Western Jazz, bendi ya watu wenye asili ya magharibi mwa nchi waliokuwa mjini, mwaka 1959. Klabu za dansi zilirithi kutoka kwa beni mambo mengi kuliko tunavyokiri: uanachama, michango, ushindani na hata tabia ya kuchagua viongozi kwa vyeo vya kuvutia. Klabu za mpira zilizaliwa katika hewa hiyo hiyo. Young Africans ya mwaka 1935 na wenzao waliojitenga mwaka uliofuata, ambao leo tunawaita Simba, wanapokutana, wapenzi wao wanafanya jambo ambalo mzee wa Marini angelitambua mara moja. Yanga wanaitwa wana Jangwani na Simba wana Msimbazi, na kutoka jengo hadi jengo ni mwendo wa miguu.

Wenye mamlaka, kwa busara au kwa hofu, walijaribu kuliweka jambo hili mahali wanapoliona. Ngoma barabarani zilihitaji kibali. Mwaka 1952 ulifunguliwa Ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, kwa fedha za tajiri wa mkonge mwenye asili ya Kigiriki, ili Waafrika wa mjini wapate mahali pa burudani yenye adabu. Dansi lilikuwa na muda wa kuanza na muda wa kwisha. Lakini waliokutana kwa dansi walizungumza pia. Mwaka 1955 TANU ilipotaka kuwapata wanawake wa Dar es Salaam, haikuwapata kwa matangazo ya gazeti. Ilimpata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, naye akaenda kwa viongozi wa vikundi vya wenzake. Mtandao ulikuwapo tayari, wa ngoma, kabla ya kadi ya chama kuchapwa. Miaka michache baadaye uwanja wa Jangwani ulijaa watu wa kumsikiliza Nyerere, na sehemu kubwa ya watu hao walikuwa wamekwisha kujifunza kukusanyika.

Dola mpya iliikumbuka siri hiyo vizuri, kwa kuwa ndiyo iliyoiingiza Ikulu. Sidhani kama ni kwa bahati tu kwamba baada ya uhuru bendi zilianza kuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ikaja mwaka 1971 chini ya umoja wa vijana wa TANU, na jeshi, polisi na magereza wakawa na zao. Mlimani Park ilianza mwaka 1978, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mwanamuziki alilipwa mshahara, na ala zilikuwa za mwajiri. Wapo wanaoukumbuka wakati huo kama wa pepo na wapo wanaoukumbuka kama wa minyororo, nami nadhani wote wana haki. Hakuna wakati mwingine katika historia yetu ambapo kijana angeweza kupuliza saksafoni mjini na kuwa na hakika ya mshahara mwisho wa mwezi. Wala hakuna wakati mwingine ambapo kijana huyo, akigombana na meneja, angerudi nyumbani mikono mitupu, kwa kuwa hata mdomo wa saksafoni haukuwa wake.

Muziki wenyewe, tukubali, ulikuwa mkubwa. Safu ya shaba ya Mlimani Park wakati wa Michael Enoch, ambaye aliwahi kuwa nguzo ya Dar es Salaam Jazz kabla ya hapo, haikuwa pambo la gitaa. Ilijibizana na waimbaji kama jirani anayesikia neno dirishani akashindwa kunyamaza. Na majina ambayo watu waliwapa mahasimu wale wawili, Sikinde na Msondo, yalikuwa majina ya ngoma. Serikali iliwapa vifupisho vya mashirika. Wapenzi wao wakawapa majina ya unyagoni na uwanjani. Ukumbi wa DDC Kariakoo ulikuwa hatua chache kutoka soko alilolibuni Beda Amuli, na mtu aliyekuwa ameuza vitunguu tangu alfajiri angeweza kusikiliza tarumbeta usiku bila kupanda basi.

Mashirika yalipokufa au kukonda, tarumbeta ilirudi mtaani. Kinanda kilichukua nafasi ya safu ya shaba katika bendi nyingi, kwa kuwa kinanda kimoja hakiombi nauli ya watu wanne. Wapulizaji hawakutoweka. Ukipita barabara za jiji Jumamosi mchana utawaona juu ya gari dogo la mizigo mbele ya msafara wa arusi: tarumbeta mbili, tromboni, ala kubwa ya besi, ngoma mbili, fulana za rangi moja. Watu wanawaita matarumbeta tu, kana kwamba mpulizaji na chombo chake ni kitu kimoja. Wengi wamejifunzia katika vikundi vya shaba vya makanisa ya Kilutheri na Kimoraviani, wengine katika bendi za majeshi. Milango ni ile ile miwili ya karne ya kumi na tisa. Zanzibar nako beni ya arusi haijafa, na Tamasha la Sauti za Busara limeitembeza mbele ya wageni wa dunia nzima.

Jumamosi moja ya mwezi Agosti nilikuwa katika baa ya Jangwani, upande unaoshuka kuelekea bonde la Msimbazi, wakati kikundi cha namna hiyo kilipoingia kikitoka arusini. Walikuwa vijana saba na mtu mzima mmoja. Bado walikuwa na pumzi. Walipangana kati ya kaunta na meza za nje, wakaanza na wimbo wa kanisani kwa mwendo wa haraka kiasi kwamba waumini waliokuwapo walichukua muda kuutambua, kisha wakaingia katika taarabu, kisha wakapiga wimbo wa wana Jangwani, na hapo mpishi wa chipsi akaacha karai. Mzee mmoja aliomba dansi la zamani. Vijana hawakulijua. Yule mtu mzima, mpiga tromboni, alilijua, akalianza peke yake, polepole, na wenzake wakamfuata kwa kumtazama mkono, wakikosea njia na kurudi. Ilikuwa kazi ya shida na ndiyo iliyotuzwa kuliko zote. Noti zilibandikwa kwenye paji la uso wake hadi akawa hawezi kuona.

Ilipokaribia saa nne mama mwenye baa alianza kutazama barabarani. Saa nne na nusu aliwaomba wahamie ndani, na ndani ya chumba kile cha bati sauti ikawa kali mara mbili. Nilimwuliza anaogopa nini.

“Mwalimu, mimi sina ugomvi na sheria,” alisema. “Ila kila anayekuja ananipa saa yake. Wa kwanza saa nne, wa pili saa sita, wa tatu ananiambia muziki wa kupuliza hauruhusiwi kabisa. Nikiomba waniandikie, wananiuliza kama nataka kufungiwa.”

Naandika maneno yake kama alivyoyasema, wala simtaji aliyemwendea. Nataka pia kuwatendea haki majirani. Bonde la Msimbazi limewaonea watu wake vya kutosha: mafuriko ya Desemba 2011 yaliyowahamisha wengi hadi Mabwepande, Barabara ya Morogoro inayofungwa pale daraja linapomezwa na maji, na sasa bomoabomoa ya mradi wa kuliendeleza bonde. Muuguzi anayeamka saa kumi alfajiri kwenda zamu ana haki ya usingizi, na haki hiyo haipungui kwa sababu mimi nimefurahishwa na tromboni. Kanuni za kudhibiti kelele zipo kwa ajili yake.

Shida ni jinsi zinavyofanya kazi. Tarumbeta haina kitufe cha kupunguza sauti. Ina pumzi ya mtu, na pumzi huchoka: kikundi kile kilipiga kwa muda usiozidi saa mbili, mapumziko yakiwamo. Spika haichoki, na inapoonekana gari la wakaguzi, mhudumu anazungusha kidole, sauti inashuka, na gari likipita inapanda. Kwa mwenye baa anayeishi kwa hofu ya saa isiyoandikwa, hesabu ni nyepesi: atamwajiri kijana mmoja mwenye kompyuta na spika mbili, hatawaita wapulizaji wanane. Hivyo, sheria iliyokusudiwa kupunguza kelele, ikitekelezwa kwa vitisho badala ya ratiba, inaondoa muziki unaokwisha na kuacha usiokwisha. Muuguzi halali, na mpulizaji halipwi.

Hakuna ugumu mkubwa hapa. Mkutano wa mtaa unaweza kukaa mchana mmoja, ukamsikiliza muuguzi, mama mwenye baa na wapulizaji, ukaamua kwamba Ijumaa na Jumamosi muziki wa ala hai uishe saa fulani, ukaandika na kugonga muhuri. Hata Waingereza, waliokuwa na kila sababu ya kuiogopa beni, walijua kuandika saa kwenye kibali. Kinachonitia shaka ni kama tunataka saa hiyo iandikwe. Amri isiyoandikwa ina faida kwa anayeitoa.

Vijana walipokuwa wanafungasha, yule mpiga tromboni aliniamkia, nami nikamsifu kwa chombo chake, cha zamani, chenye mabonde mawili kwenye shaba.

“Si changu, mwalimu,” alisema. “Cha usharika. Naazimwa kwa ajili ya ibada, na kesho saa moja asubuhi kinatakiwa madhabahuni.” Alikuwa anakipangusa kwa fulana yake.

Nilimwuliza ni kazi gani inayowalipa vizuri, arusi au baa. Wala si arusi wala si baa, alinijibu, ni misafara ya wagombea wakati wa kampeni.

“Pale tunapiga tangu asubuhi mpaka jua linazama, mwalimu, na trafiki anatufungulia njia.”